Maswali mnayoniuliza kila siku kuhusu Jesse Williams, mfugaji wa Rome, New York, na ukoo wake

Nimejibu haya maswali mmojammoja mpaka vidole vimechoka, tena mengine najibu mtu yuleyule mara tatu (anko, najua utasoma hapa). Sasa nayaweka yote pamoja. Nimeyaandika jinsi yalivyokuja, siyo kwa mpangilio, kwa hiyo usishangae nikiruka toka harusi kwenda sensa alafu nikarudi kwenye jibini.

Kwanza huyu Jesse Williams ni nani?

Ni mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, kazaliwa 1798 na kufa 1864, maisha yake yote ni Rome, kaunti ya Oneida, jimbo la New York. Siyo Roma ya Papa, hii ni Rome ya Marekani, mji mdogo tu. Mke wake ni Amanda Wells. Shamba lilikuwa kaskazini kidogo ya mji, upande wa Ridge Mills. Anakumbukwa kwa jambo moja: mwaka 1851 alianzisha kiwanda cha jibini, yaani badala ya kila kaya kugandisha maziwa yake jikoni kwake, maziwa ya mashamba mengi yakaletwa sehemu moja yakatengenezwa na watu walewale kwa namna ileile. Leo unaona kawaida kabisa. Wakati ule haikuwa kawaida Marekani.

Sasa we mtu wa Tukuyu unahangaika na ukoo wa Mzungu na ng'ombe wake kwa nini?

Hili ndo swali namba moja, na la mama yangu pia. Jibu fupi ni kwamba naishi Utica, na Rome ipo jirani tu, naendesha nusu saa nimefika. Utica imepokea wakimbizi wengi sana, Wakongo na Wasomali Wabantu wakiwemo, ndo maana Kiswahili unakisikia hadi kwenye foleni ya duka. Watu wa hapa wakikuuliza umetoka wapi na wewe una haki ya kuwauliza na wao wametoka wapi, hivo ndo nilivyoanza.

Jibu refu ni bibi yangu. Alikuwa na ng'ombe wanne, asubuhi anakamua, anaweka maziwa kwenye kibuyu, yakishaganda anayasukasuka mpaka siagi inajitenga, unasikia ule mlio unabadilika, mwanzo ni chwa-chwa alafu unakuwa mzito, du-du, anasema "haya, imekuja". Lakini ukimuuliza mtu yeyote pale kijijini wale ng'ombe ni wa nani, wanakwambia ni wa babu. Niliposoma habari za huyu Jesse nikaona ni wimbo uleule, wameubadilisha lugha tu.

Hiyo hadithi ya harusi ni ya kweli au ya kunogesha?

Ni ya kweli, na imeandikwa mapema, na Xerxes Willard wa Little Falls, aliyekuwa mwandishi maarufu wa mambo ya maziwa kwenye miaka ya 1860 na 1870, mtu wa kaunti ya jirani ya Herkimer, hakuandika kwa kusikia toka mbali.

Iko hivi. Majira ya kuchipua mwaka 1851 mtoto wa Jesse, anaitwa George, kaoa na kaanza kulima na kufuga kwa kujitegemea kwenye shamba lake. Baba mtu akaingia mkataba na mnunuzi kwamba jibini la mashamba yote mawili, la baba na la mtoto, litanunuliwa kwa senti 7 kwa ratili. Hiyo ilikuwa bei nzuri, juu ya waliyokuwa wanapewa wengine pale jirani, kwa sababu jibini la mzee lilikuwa na jina. Akaenda kumwambia kijana, mwanangu tumepata. Kijana badala ya kufurahi akapoa. Akasema mimi sijui kama nitaweza kutengeneza jibini la kufikia kiwango hicho, nyumbani sikuwahi kushika hiyo kazi mwenyewe, nikipatia itakuwa bahati tu.

Mzee akamwambia basi nitakuwa nakuja kwako kila siku nakusimamia. Wakakaa wakafikiria, wakaona hapana, haiwezekani, mtu ana shamba lake na ng'ombe wake na jibini lake, aache aende shamba lingine kila siku msimu mzima? Ndo likatoka wazo, kwani lazima jibini litengenezwe mara mbili? Maziwa ya kijana yaje kwa baba, yachanganywe, jibini litengenezwe mara moja. Na kama ya kijana yanaweza kuja, ya jirani yanashindwa nini?

Mapinduzi yote ya viwanda vya jibini Marekani yalianzia hapo, kijana kakiri mbele ya baba yake kwamba hajui kazi. Mi hiyo sehemu ndo naipenda. Ni wangapi wetu tungesema "nitaweza tu baba" alafu tukaharibu mkataba?

Kwa nini George hakujua, si kakulia humohumo?

Kwa sababu mtoto wa kiume kule alikuwa anakua zizini na shambani, siyo kwenye chumba cha jibini. Kukamua walikamua wote, wanaume kwa wanawake kwa watoto. Lakini maziwa yakishaingia ndani, kwa kaya nyingi za Oneida na Herkimer ilikuwa kazi ya mama, mabinti na wasichana wa kazi. Kwa Williams mzee mwenyewe alikuwa fundi, hilo lazima niseme maana kuna watu wanapenda kusema Jesse aliiba sifa yote ya mke wake, hatuna haja ya kuzidisha chumvi. Ila ukichukua eneo zima, ujuzi ulikuwa mikononi mwa wanawake, unapita toka mama kwenda kwa binti, au toka mama mkwe kwenda kwa mkamwana.

Sasa fikiria upande wa pili wa ile hadithi. Kaya mpya imeanza majira ya kuchipua, ng'ombe ndo wanazaa, msimu wa jibini unaanza, unakwenda mpaka ng'ombe wanakauka wakati baridi inaingia. Baba mkwe kashasaini senti 7 kwa ratili. Mtu ambaye kwa desturi ya kaya nyingi za pale angebeba kazi hiyo ni bi harusi. Kwenye hadithi yote anaulizwa George.

Amanda mbona haonekani kwenye karatasi? Nimetafuta sensa ya 1850, kwenye kazi hamna kitu.

Hujakosea kusoma. Sensa ya Marekani ya 1850 ilikuwa ya kwanza kuandika jina la kila mtu huru ndani ya nyumba, kabla ya hapo jina linaandikwa la mkuu wa kaya tu na wengine wanahesabiwa kwa makundi ya umri kama magunia. Sasa hiyo ya 1850 ilikuwa na sehemu ya kazi, lakini maelekezo yake yalisema kazi iandikwe kwa wanaume tu wenye umri wa kuzidi miaka 15. Kwa hiyo mwanamke aliyeamka saa kumi usiku miezi saba mfululizo akageuza jibini zito kila siku, karani anamwachia nafasi tupu. Siyo kwamba alisahau, ndivyo fomu ilivyotaka. Kufika 1860 wakaanza kuuliza na wanawake.

Lakini kuna mlango wa nyuma. Mwaka huohuo wa 1850 kulikuwa na fomu nyingine ya kilimo, shamba kwa shamba, na humo kuna ng'ombe wa maziwa wangapi, ratili ngapi za siagi, ratili ngapi za jibini kwa mwaka. Jina lililoandikwa mwanzoni mwa mstari ni la mwanaume. Ila ukiona ratili elfu kadhaa za jibini kwenye mstari wa shamba lenye mume mmoja, mke, mabinti wawili na kijana wa kazi, we mwenyewe unajua nani kalitengeneza. Mi sasa hivi nikipata mfugaji yeyote wa karne ya 19 naanza na hiyo fomu, jina la mkuu wa kaya linafuata baadaye.

Jibini lilikuwa linatengenezwaje wakati huo?

Nitasema kwa kifupi maana wanaoliuliza wengi wanataka kujaribu nyumbani. Maziwa ya jioni yanalazwa kwenye baridi, maji ya chemchemi yakizunguka chombo ili yasichachuke. Asubuhi yanachanganywa na ya asubuhi, yanapashwa moto mpaka vuguvugu, kama sentigredi 28 hivi, kidole kinasikia joto kwa mbali. Alafu inatiwa dawa ya kugandisha, ambayo ni tumbo la ndama lililokaushwa na kulowekwa kwenye maji ya chumvi (waislamu na wasiokula nyama mnaouliza, ndiyo, ni tumbo la ndama, na lilikuwa linatunzwa darini kama sisi tunavyotunza mbegu). Yakishaganda yanakatwakatwa, yanapashwa tena, yale maji yanajitenga, yanatolewa wanapewa nguruwe, mabonge yanatiwa chumvi yanafungwa kwenye kitambaa yanakandamizwa kwenye mashine ya mbao.

Watu wanadhani hapo kazi imeisha, kumbe ndo inaanza. Jibini linakaa rafuni kwa wiki nyingi linaiva, na kila siku lazima ligeuzwe na lipakwe mafuta juu, usipogeuza unyevu unakaa upande mmoja linaoza, usipopaka linapasuka nzi wanataga humo. Sasa kama una majibini mia moja rafuni, kila moja zito kama mtoto wa miaka kumi, hesabu mwenyewe. Wanawake wa enzi hizo walilalamika sana kuhusu hiyo kazi ya kunyanyua na kugeuza, migongo iliisha. Ndo maana viwanda vilipokuja wengi wao walishangilia maziwa yaondoke nyumbani.

Na uwiano wa kukumbuka, ratili kama 10 za maziwa ndo zinatoa ratili 1 ya jibini.

Majirani walikubali kirahisi tu kumpa mtu mwingine maziwa yao?

Hesabu ndo iliwashawishi. Mnunuzi akija kwenye mashamba ishirini anakuta majibini ya ladha ishirini, moja chungu, moja kavu, moja zuri, inabidi atoboe na kuonja kila moja, na bei anashusha kufidia hasara. Kiwandani ni jibini moja la aina moja, anaonja mawili matatu anachukua mzigo wote. Kila mfugaji maziwa yake yanapimwa uzito yanaandikwa, jibini likiuzwa gharama za kutengeneza zinakatwa, kinachobaki kinagawanywa kwa uzito wa maziwa uliyoleta. Nyie mnaopeleka maziwa kwenye vituo vya kukusanyia huko nyumbani mnaujua huu mfumo, sina haja ya kuwafundisha.

Na uchakachuaji?

Ulikuwepo! Haha. Watu ni walewale. Ukilipwa kwa uzito, maji yana uzito. Na kuna mbinu ya kistaarabu zaidi, unayalaza maziwa ya jioni, asubuhi unaengua malai juu unaweka kwako kwa ajili ya siagi, alafu unapeleka yaliyobaki kiwandani yanapimwa kama ya wengine. Wengine hawakuiba chochote ila ng'ombe wao walikuwa na maziwa mepesi na wanalipwa sawa na mwenye maziwa mazito, hiyo nayo ilileta ugomvi hadi makanisani.

Sasa hapa kuna kitu kinanifurahisha sana. Aliyekuja kuumaliza huo ugomvi ni Stephen Babcock, ambaye kazaliwa 1843 kwenye shamba huko Bridgewater, kaunti hiihii ya Oneida. Jesse alipoanza kiwanda chake Babcock alikuwa mtoto wa miaka saba nane. Mwaka 1890, akiwa Wisconsin, akatoa kipimo chake cha mafuta kwenye maziwa: unachukua maziwa kidogo unatia asidi kali inayoyeyusha kila kitu isipokuwa mafuta, unazungusha chupa kwa kasi, mafuta yanapanda kwenye shingo ya chupa yenye alama, unasoma kwa macho. Ukitia maji unaonekana, ukiengua malai unaonekana. Na hakuikatia hataza, aliacha kila mtu aitumie bure. Laktomita, kile kipimo cha kuelea kinachoonyesha maziwa ni mazito au mepesi, peke yake ilikuwa inadanganywa, ukiengua malai maziwa yanakuwa mazito kwenye kipimo, ukiongeza maji yanarudi mepesi, unatoka kama malaika.

Ni kweli alikuwa wa kwanza duniani?

Duniani hapana, na anayeandika hivo anakosea. Wafugaji wa milima ya Jura, mpakani mwa Ufaransa na Uswisi, walikuwa wanaunganisha maziwa yao kutengeneza majibini makubwa tangu karne ya 13. Hata Marekani kwenyewe watu walishajaribu kitu cha karibu: kule Goshen, Connecticut, Lewis Norton alijenga kiwanda 1844 akawa ananunua maziwa yaliyokwisha kugandishwa kwenye mashamba, na Ohio kaskazini mashariki nako walifanya hivohivo. Tofauti ya Williams ni kwamba yeye hakuchukua mabonge, alichukua maziwa mabichi, akashika kazi yote mwanzo mpaka mwisho, na mfumo wake ndo uliigwa. Kwa hiyo sema "wa kwanza Marekani kwa mfumo huo" utakuwa salama.

Uliigwa kiasi gani?

Mwanzoni polepole, miaka kumi ya kwanza viwanda vilikuwa vya kuhesabu. Alafu vita ya wenyewe kwa wenyewe ikaja 1861, vijana wakaenda jeshini, mikono ikapungua mashambani, na huku Uingereza inanunua jibini kwa wingi. Kila mtu akataka kiwanda. Kufika 1866 New York peke yake ilikuwa na zaidi ya 500. Januari 1864 watengenezaji walikutana palepale Rome wakaunda chama chao, na mwaka huohuo Jesse akafariki. Mwaka huo pia Harvey Farrington, mtu wa Herkimer, alikuwa ameshavuka mpaka na kuanzisha kiwanda Norwich, Ontario, Kanada ikaanza.

Nikupe namba za nchi nzima. 1850 jibini karibu lote lilitengenezwa mashambani, kama ratili milioni 105. 1880 mashambani zimebaki kama milioni 27, viwandani ni kama milioni 216. Miaka thelathini tu! Mtoto wa kike aliyezaliwa mwaka George aliooa alikuwa mama mtu mzima na pengine hajawahi kugandisha jibini maishani mwake.

Kwa nini pale Oneida na siyo kwingine?

Majani, maji baridi, na mfereji. Mahindi na ngano kule zilishaanza kupigwa na mashamba mapya ya magharibi. Mfereji wa Erie ulianza kuchimbwa tarehe 4 Julai 1817 palepale Rome, Jesse ana miaka 19, nadhani hakukosa kwenda kutazama maana mji mzima ulikuwa huko. Ulikamilika 1825. Kitu kizito kisichooza haraka kama jibini kikawa kinapakiwa kwenye boti kinashuka hadi mji wa New York na kuvuka bahari. Maziwa mabichi yasingefika.

Ukoo wa Williams ni Wawelshi?

Hapa pole sana, ndo mahali nilipopigwa na mi mwenyewe. Jina Williams ndani ya kaunti ya Oneida ni kama Mwakalinga kwa Rungwe, ukipiga kelele sokoni wanageuka kumi. Wawelshi, yaani watu waliotoka Wales, walianza kuingia Steuben na Remsen, kaskazini mashariki ya Rome, mwaka 1795, na Williams kwao ni jina la kawaida kabisa, tena nao walikuwa wafugaji wa maziwa hodari. Wakati huohuo Wayankee kutoka New England, yale majimbo ya zamani ya mashariki yaliyojaa Wazungu wa asili ya Kiingereza, walikuwa wanamiminika eneo hilo, na wao pia wana akina Williams wao wa karne mbili nyuma. Kwa hiyo ukimkuta Williams mwenye ng'ombe Oneida 1850 usikimbilie kumuunganisha na Jesse, wala usikimbilie Wales.

Na kuna Jesse Williams mwingine kabisa, Jesse Lynch Williams, aliyezaliwa 1807, injinia wa mifereji kule Indiana, mjukuu wake mwenye jina hilohilo akaja kushinda tuzo ya Pulitzer ya kwanza ya tamthilia 1918. Mi niliona "Jesse Williams" na "Erie" kwenye mstari mmoja nikaruka kwa furaha, kumbe ni mfereji wa Wabash na Erie, siyo huu wa kwetu. Nilikuwa nimeshachora mti wa ukoo hadi vitukuu, kwa kalamu ya wino. Miezi miwili. Msicheke.

Ile ardhi walinunua kwa nani?

Swali zuri na linaulizwa na wachache. Eneo lote hilo ni nchi ya Waoneida, wenyeji wa asili wa pale kabla ya Wazungu, moja ya mataifa sita ya muungano wa Haudenosaunee, na kaunti yenyewe imebeba jina lao. Rome ipo mahali ambapo watu walibeba mitumbwi begani toka mto mmoja hadi mwingine, ndo maana Waingereza wakajenga ngome hapo 1758, Fort Stanwix. Waoneida wengi walipigana upande wa Wamarekani kwenye vita ya uhuru. Mwaka 1788, kwa mkataba uliosainiwa kwenye ngome ileile, jimbo la New York likachukua ekari zaidi ya milioni 5, wao wakabakiwa na kipande, na hicho kipande nacho kikaendelea kumegwa kidogokidogo. Mahakama Kuu ya Marekani ilikuja kukubali 1985 kwamba mauziano moja ya 1795 yalikiuka sheria ya nchi. Kwa hiyo historia ya shamba lolote pale ukiirudisha nyuma hati kwa hati, hati za wafugaji zinaisha, unakutana na hiyo mikataba.

Nina babu wa mke wangu alikuwa mfugaji huko New York, nianzie wapi?

Mmeoa Wamarekani wengi kuliko nilivyofikiri maana hili linakuja kila wiki. Anza na sensa unazojua na rudi nyuma. 1880 inaandika uhusiano wa kila mtu na mkuu wa kaya, ni dhahabu. 1890 achana nayo, karibu yote iliharibika kwa moto Washington mwaka 1921, usipoteze usiku wako. New York ilikuwa na sensa zake za jimbo pia, 1855, 1865, 1875. Ya 1855 inasema mtu kazaliwa kaunti gani na kaishi pale mji huo miaka mingapi, na ya 1865 inamuuliza kila mwanamke kazaa watoto wangapi, na kwa mtu anayetafuta watoto waliokufa wadogo hiyo namba moja inaweza kukuliza machozi. Vyeti vya kuzaliwa na kufa vya jimbo usivitegemee kabla ya 1880, ndo sheria ilipoanza. Kwa miaka ya nyuma zaidi tumia makaburi, makanisa, magazeti, na mahakama ya mirathi ya kaunti.

Mirathi hasa. Wosia wa mfugaji unakwambia ng'ombe yupi kaenda kwa nani, na mara nyingi orodha ya mali inataja vyombo: mashine ya kukandamiza jibini, beseni za bati, rafu. Hapo ndo unaona chumba cha mama kilivyokuwa. Na usisahau kwamba New York ilipitisha 1848 sheria ya kumruhusu mwanamke aliyeolewa kuwa na mali yake mwenyewe, na 1860 ikaongeza na kipato chake, kwa hiyo kuanzia hapo tafuta hati za ardhi kwa jina la mke pia. Hati za Oneida zipo Utica, makao ya kaunti. Beba sweta, zile ofisi zina kiyoyozi cha kuhifadhia samaki.

Nitajuaje kama familia yake ilijiunga na kiwanda?

Rudi kwenye zile fomu za kilimo. Zilichukuliwa 1850, 1860, 1870 na 1880. Weka mstari wa shamba lilelile pembeni kwa pembeni. 1850 utaona jibini, mfano ratili elfu nne. Ukifika 1870 kuna sehemu mpya ya galoni za maziwa yaliyouzwa, na 1880 wameandika waziwazi maziwa yaliyouzwa au kupelekwa kwenye viwanda vya siagi na jibini. Sehemu ya jibini inakuwa tupu, ya galoni inajaa. Ng'ombe walewale, zizi lilelile. Unaangalia kwa macho yako kazi ikitoka jikoni.

Wanawake walifaidika au walipoteza?

Watu wananitaka nichague upande. Migongo ilipona, hilo sikubali mtu alipinge, nimeshabeba jibini la ratili 60 kwenye maonyesho ya mashamba nikajuta. Baadhi ya wasichana wakaajiriwa viwandani. Lakini mafundi wakuu wa viwanda kadiri miaka ilivyokwenda wakawa wanaume, na ile hela ya jibini iliyokuwa inajulikana nyumbani kwamba imetoka mikononi mwa mama, sasa inakuja kama malipo ya maziwa, kwa jina la mume, na mama anabaki na siagi kidogo na mayai. Bibi yangu nilipomweleza habari zote hizi kwa simu, alisikiliza weee, alafu akauliza swali moja tu: "Na huyo mkwe wao, siku hiyo maziwa yalipoanza kwenda kwa baba mkwe, asubuhi alifanya nini?" Nikamwambia bibi, labda alilala mpaka jua likatoka. Akasema, "Nani alisafisha ndoo?"